Sufuria ya Mkwe

Mradi wetu umefungwa, na mimi nimeuita mwisho huo kustaafu. Wenzangu ofisini walicheka, kwa sababu mstaafu huwa na mvi na fimbo, na mimi walinzi wa getini bado wananiuliza kama nimekuja kutafuta nafasi ya mafunzo. Lakini kazi ya kuzunguka na chupa kutafuta metali kwenye mtindi haipo tena, aliyekuwa akiifanya nilikuwa mimi, na sijapata neno jingine linalotosha. Nimelitafuta kuliko lilivyostahili kutafutwa. Hivyo ndivyo nilivyo, na mtakaosoma mtaniona njia nzima.

Ninyi mnaokuja na mradi mpya mliniomba maelekezo ya ukurasa mmoja. Niliyaandika. Yanasema osha chupa kwa asidi, vaa glovu zisizo na unga, weka barafu ya kutosha kwenye deli. Yote ni kweli na hayatawasaidia sana. Kwa hiyo nimeandika na haya mengine, ambayo huwa yananijia asubuhi kabla sijaamka vizuri, wakati kichwa kingali chepesi na siwezi kukizuia kwenda kinakotaka.

Siku yangu ya kwanza Tarime kulikuwa na ukungu. Nilitoka Singida, ambako jua likichomoza hakuna anayelificha, na sikuwa nimejiandaa kwa mahali ambapo vilima huonekana na kupotea kana kwamba vinafikiria jambo. Nilikuwa nimevaa hereni, pete ya mama yangu na bangili ya shaba, kwa sababu nilitaka nionekane mtu wa kazi. Msimamizi wangu, Mzee Mwita, alinipokea stendi, akaitikia shikamoo yangu, kisha akanitazama masikio, kidole na mkono, kwa utaratibu huo.

"Binti," alisema, "tumekuita uje kutafuta metali. Hatukukuomba uzilete."

Nilivua vyote palepale. Pete niliiweka kwenye soksi, na jioni nzima niliwaza kama jasho la mguu linaweza kuilainisha.

Mzee Mwita alizaliwa huko, na kabla ya mradi alikuwa amekusanya maziwa ya wafugaji kwa miaka mingi. Kijiko cha plastiki alikiweka kwenye mfuko wa shati, mahali ambapo watu wengine huweka kalamu. Hakuwa mtu wa kufundisha kwa maneno. Ukikosea alikohoa. Ukikosea sana alikohoa mara mbili, ukajua chupa hiyo ni ya kumwaga.

Kwa watakaosoma bila kuijua kazi, niseme kidogo tulitafuta nini. Huko maziwa hugandishwa kwenye kibuyu. Yakishaganda, baadhi ya nyumba huyamimina kwenye kitambaa safi, hukifunga ncha na kukitundika, na maji yake ya rangi ya majani makavu hudondoka polepole mpaka kinachobaki kinakuwa kizito, kijiko kinasimama. Huo ndio mtindi wa kuchuja. Unakaa zaidi, unashibisha zaidi, na watoto walioachishwa ziwa hupewa huo peke yake au juu ya uji wa ulezi. Ubaya ni kwamba kuchuja hakuondoi kila kitu. Risasi, kwa mfano, ikiwa imeingia kwenye maziwa, sehemu kubwa haiondoki na maji. Inashikamana na kile kizito, kile hasa tunachompa mtoto. Shaba na zinki mwili unazihitaji kidogo. Risasi hauihitaji kabisa, na mtoto huinyonya kuliko mtu mzima.

Ndiyo maana kazi yetu ilikuwa na miguu miwili. Mguu mmoja ni kujua metali iliyomo kwenye mtindi. Wa pili ni kujua mtu anakula mtindi kiasi gani, maana sumu ndogo kwa anayeonja msibani si sawa na sumu hiyohiyo kwa anayekula kila siku. Wengi huupenda mguu wa kwanza kwa sababu una mashine. Mimi naomba muuheshimu wa pili.

Huko Kerende nilimwuliza baba mmoja anakula mtindi kiasi gani. Akaniambia yeye hali, anaonja tu. Mkewe akaangalia dari. Nikaomba waniletee chombo anachoonjea, wakaleta bakuli ambalo kwetu tungelifulia soksi. Tangu siku hiyo sikumwuliza mtu kiasi. Niliomba chombo, nikakipima kikiwa kimejaa, nikarudi kukipima kikiwa kimelambwa. Akina mama nao wana ya kwao: hawajihesabu. Atakutajia alichokula mume, watoto na mgeni, na yeye mwenyewe atasema hakula. Ukikaa jikoni unamwona anakwangua chombo kwa kidole, na huo ukwangu, ukikusanywa wa wiki nzima, ni mlo. Na wewe mgeni utapewa mtindi kila mji, yaani kila boma, unaoingia, na ukikataa umevunja mazungumzo. Nilikula sana miaka hiyo. Ulaji wangu mimi haukuandikwa popote.

Tulikwenda Kewanja, tukaenda Kerende, tukateremka mpaka upande wa Natta karibu na mapori ya wanyama. Watu walidhani tumekuja kwa ajili ya vijiji vya dhahabu peke yake, na kila tulipofungua deli waliuliza kama tumekwisha kuona kitu. Huko kuna maswali makubwa kuliko chupa zangu, na sitajifanya niliyajibu. Chupa iliyonitoa usingizini ilitoka upande mwingine, kwenye mji wa Bibi Wankuru, njia ya Natta, ambako hakuna shimo lolote isipokuwa la mnyama mhanga.

Bibi Wankuru alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo ilikufanya usogee karibu. Alikuwa na ng'ombe wachache na mjukuu mmoja, Marwa, mtoto wa binti yake Bhoke. Bhoke alifua mashuka kwenye kambi ya watalii na alirudi siku za mapumziko. Baba wa mtoto, Chacha, alikuwa mchimbaji mdogo huko Kewanja, na alikuja pale maduara, mashimo yao ya dhahabu, yalipomruhusu. Kwa hiyo mtoto alikuwa wa bibi, mchana na usiku. Alikuwa ameanza kutembea zamani na bado hajaanza kusema. Alionyesha kwa kidole, akaguna, akapata. Bibi alisema wanaume wa ukoo ule huchelewa kusema kwa sababu hawana haraka ya kudanganya.

Mji ule naukumbuka kama kitu nilichokiota. Mtindi hauharakishwi, kwa hiyo mtu anayesubiri sampuli ya mtindi uliochujwa anakaa. Nilikaa ndani ya jiko la Bibi mchana kutwa, mgongo ukutani, nikisikiliza maji yakidondoka kutoka kwenye kitambaa. Tone, kimya, tone. Nje jua lilikuwa jeupe, ndani mtindi ulikuwa mweupe, moshi ulipita katikati ukiwa na rangi ya vyote viwili. Marwa alilala kwenye paja langu bila kuniomba ruhusa. Nilikuwa nikisinzia nikiwaza kama ni halali kusinzia ukiwa kazini, na kabla sijapata jibu nilikuwa nimeshalala. Kengele ya ng'ombe mmoja iliingia na kutoka ndotoni. Nilipoamka tone lilikuwa bado linadondoka, na Bibi alikuwa amenifunika miguu kwa kanga.

Majibu ya maabara yalikuja baada ya wiki kadhaa, kwa simu. Mtindi wa Bibi Wankuru ulikuwa na risasi kuliko mji wowote tuliokuwa tumepita.

Sikuwaza maji wala udongo. Niliwaza mimi. Nilikumbuka kibanio cha nywele. Nilikumbuka kwamba siku ile nilikuwa nimeshika zipu ya begi kabla ya kuvaa glovu. Niliwaza kalamu, funguo, pumzi yangu. Nilimweleza Mzee Mwita yote, na yeye akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema tukachukue tena, na safari hii tuyafuate maziwa hatua kwa hatua kama mtu anayemfuata ng'ombe aliyepotea.

Hivyo ndivyo ninavyowashauri mfanye. Tulichukua maziwa yakitoka kwenye chuchu. Tukachukua yakiwa kibuyuni. Tukachukua maji ya kisima, kipande cha kitambaa, hata majivu ya kijinga cha moto anachosugulia kibuyu ili kinukie. Tukachukua mtindi ukiwa kwenye kitambaa, na tukachukua ukiwa umehamishiwa kwenye sufuria ambamo Bibi aliuhifadhi, siku mbili tatu, mpaka uishe. Maabara ikajibu kwamba kila kitu kilikuwa kizuri mpaka kwenye kitambaa. Ubaya ulianzia kwenye sufuria.

Ilikuwa sufuria nene ya kusubu, zile ambazo mafundi huyeyusha vyuma chakavu na kumimina kwenye udongo. Nzito, ya kijivu, yenye masikio mawili. Nyingi za namna hiyo hupikiwa ugali na hakuna ajuaye kilichoyeyushwa humo. Lakini mtindi ni mchachu, na uchachu ukikaa juu ya chuma siku tatu unakilamba. Nilikuwa nimesoma jambo hilo chuoni kwenye somo la asubuhi. Sikutegemea kulikuta limekaa kwenye figa, limeng'arishwa kwa mchanga.

Nilimweleza Bibi taratibu. Hakubisha. Aliweka mkono juu ya mfuniko.

"Mwanangu," alisema, "unajua hii sufuria ni nani?"

Ilikuwa Chacha. Alipomaliza kutoa ng'ombe wa mahari, alileta sufuria hiyo kama nyongeza, kitu ambacho hakikudaiwa. Aliisubisha mwenyewe Tarime mjini kutokana na vyuma alivyookota. Kwa desturi ya mji ule, alichokuletea mkwe kwa mikono yake hakirudishwi na hakifichwi; akija kukuona, yeye ndiye wa kwanza kuandaliwa kutoka humo. Kukirudisha ni kusema ndoa yenyewe umeichoka. Dada yake Chacha aliishi jirani na kila siku aliingia jikoni kuchota mtindi. Sufuria ikikosekana asubuhi, habari ingefika Kewanja kabla ya jioni. Na Chacha akishakasirika, mtoto ni wake, ng'ombe alishatoa. Angekuja kumchukua Marwa akamlee kule maduarani, kwenye kibanda cha turubai, wanaume watupu na maji ya kununua.

"Sufuria ikitoka, mtoto anatoka," Bibi alisema. "Ikibaki, mtoto anakula. Nichagulie wewe uliyesoma."

Sikuchagua. Niliomba muda, na nikamsihi wakati huo Marwa apewe mtindi wa kibuyuni tu. Bibi akakubali. Akawa anamlisha mtoto kutoka kwenye kibuyu nyuma ya nyumba, na yeye mwenyewe akila kutoka kwenye sufuria mbele ya jirani. Alisema yeye ni mzee, risasi itakuta kazi imeshaisha.

Nilidhani tumepata njia. Niliporudi na deli langu nikamkuta Marwa jikoni peke yake, kichwa kiko ndani ya sufuria, mkono mweupe mpaka kwenye kiwiko, anakwangua. Ukwangu, ambao nilikuwa nikiwafundisha wengine wasiusahau. Alitoa kichwa, akaniona, akaguna kwa furaha na kuninyooshea kidole kilichojaa ili na mimi nile.

Usiku huo sikupata usingizi. Nilimwomba Mzee Mwita azungumze na Chacha. Mzee alikuwa rika moja na marehemu mume wa Bibi, nikaona anafaa. Alikataa.

"Nikisema mimi, ni shauri la ukoo," alisema. "Litaitiwa kikao, na kikao hakirudi mikono mitupu. Ukisema wewe, ni habari tu."

Niliandaa maneno. Niliyaandaa njiani, nikayaandaa kwenye foleni ya kununua barafu, nikaandaa majibu ya maswali ambayo hakuna binadamu angeuliza. Chacha alikuja mwisho wa juma. Alikuwa kijana mpana wa mabega, vumbi la duara limekaa kwenye kope kama unga, na alitembea kwa uangalifu wa mtu aliyezoea dari fupi. Alimbeba Marwa muda mrefu kabla ya kumsalimia mtu mwingine.

Hapa kuna jambo ambalo chuoni hawakunifundisha. Kwenye nyumba zile, mkwe na mama wa mkewe hawaangaliani usoni wala hawasemezani moja kwa moja. Chacha aliketi nje chini ya upenu, akitazama njia. Bibi aliketi ndani ya jiko karibu na mlango, akiwa amempa mgongo. Wangeweza kupokezana kikombe. Katikati yao, kwenye dumu lililolazwa, walinikalisha mimi, kwa sababu lazima awepo mtu wa kupitishia maneno. Mzee Mwita alisimama kando na kijiko chake mfukoni. Kwa ajili yangu walisema Kiswahili.

"Binti, mwulize mkwe wangu njia ilikuwaje," Bibi alisema.

Chacha alikuwa amesikia. Ng'ombe walikuwa wamesikia. Alisubiri. Nikamwuliza njia ilikuwaje.

"Mwambie mama njia ilikuwa nzuri. Vumbi tu."

Nikamwambia Bibi vumbi tu. Tukaenda hivyo kwa mvua, kwa ng'ombe, kwa Bhoke na mashuka ya watalii, mpaka ikaanza kunipendeza. Neno lilitoka upande mmoja likiwa moto, likapita kwangu, likafika upande wa pili limepoa. Nikaelewa kwa nini wanafanya hivyo. Kisha Bibi akaandaa mtindi kutoka kwenye sufuria, nikaupitisha, na Chacha akala. Alipolamba kijiko Bibi alisema: "Mwambie mkwe wangu wewe una habari."

Maneno yote niliyoyaandaa yalikuwa yameondoka. Nilianza kwa "Mama anasema," Mzee Mwita akakohoa. Bibi hakuwa amesema kitu. Nikaanza upya.

"Nasema mimi. Sufuria uliyomletea mama ina risasi kwenye chuma chake. Mtindi unaitoa. Marwa ameila tangu aachishwe ziwa, na inaweza kumharibu kichwa taratibu bila kumwumiza popote."

Chacha hakunigeukia. "Nani kaiona?"

"Maabara."

"Maabara ilikuwepo sufuria ikisubiwa?" Akacheka kidogo, bila furaha. "Watu wa chupa. Mmeikosa risasi Kewanja mmeikuta jikoni kwa mama mkwe." Kisha akaacha kucheka. "Mwulize mama kama ananirudishia sufuria yangu."

Hilo ndilo swali tulilokuwa tunalikwepa wote. Bibi alikuwa amelisikia, niliona mgongo wake. Ningeweza kulibadilisha kidogo likipita. Niliwaza namna za kulibadilisha, nikaona zote ni uongo. Nikalipitisha kama lilivyo. Kitambaa kiliendelea kudondosha maji jikoni. Tone, kimya, tone.

"Mwambie mkwe wangu sijarudisha kitu," Bibi alisema. "Sufuria ni yangu. Nitakula humo mpaka nizikwe. Ila mtoto naomba asinisaidie kula."

Nilikuwa bado sijageuka kuyapitisha maneno hayo Marwa alipotoka jikoni. Alipita katikati yetu, yeye peke yake mwenye ruhusa ya kupita, mkono umejaa mtindi wa sufuriani mpaka kwenye kiwiko. Akapanda kwenye paja la baba yake, akamtia vidole mdomoni. Chacha alivipokea. Akakaa hivyo, vidole vya mtoto viko mdomoni, macho yako njiani.

Alipovitoa alivifuta kwa shati lake, kimoja kimoja.

"Mwambie mama," alisema polepole, "fundi alisema vyuma havitoshi. Mimi ndiye niliyemletea radieta ya lori na vichwa vya betri. Nilitaka iwe nzito. Nilitaka akiinua anikumbuke."

Nilimwambia Bibi. Kwa mara ya kwanza niliona ameinamisha kichwa kwa mtu ambaye hakuruhusiwa kumtazama. Jua lilihama kutoka kwenye mguu wangu mmoja kwenda wa pili.

"Mwambie mama," Chacha alisema tena, na sauti ilikuwa nyingine, "naomba kuazima sufuria."

Mzee Mwita aliangalia chini haraka.

"Mwulize ya kazi gani," Bibi alisema.

"Mwambie duarani maji yanatuingilia. Tunahitaji chombo cha kuyatolea."

"Mwulize ataitumia mpaka lini."

"Mwambie maji ya kule hayana mwisho."

Bibi alifikiri. "Mwambie asiharakishe kurudisha. Cha kuazimwa na mkwe hakidaiwi."

Ilikuwa imekwisha, na ilikuwa nzuri, na mimi sikuweza kuiacha. Nilikuwa nimeshaanza kuiona sufuria ile ikiuzwa kwa watu wa skrepa, ikiyeyushwa, ikirudi kwenye mji mwingine, mtoto mwingine mkono mpaka kwenye kiwiko. Nikasema, bila kutumwa na mtu yeyote, kwamba tafadhali isiuzwe chuma chakavu.

Chacha akamgeukia Mzee Mwita. "Hayo kasema mama?"

"Hapana," Mzee Mwita alisema. "Hayo ni ya kwake."

"Basi mwambie binti wa chupa kwamba nitaifukia kwenye duara lililokufa."

Nikageuka kutafuta wa kumwambia. Wakacheka wote watatu, Bibi akiwa amempa mkwe mgongo, na kicheko kilikuwa kitu cha kwanza ambacho hakikupitia kwangu.

Bibi aliiosha sufuria, akaisugua kwa mchanga mpaka ikang'aa kuliko siku iliyoletwa, akaifunga kwa kanga. Chacha aliifunga nyuma ya pikipiki. Dada yake aliona kutoka kwenye ua wake, akauliza, akaambiwa kaka yako ameazima chombo, na akarudi kupepeta ulezi wake. Marwa ndiye aliyelia, aliikimbilia mpaka njiani.

Mtasoma kwenye ripoti kwamba mtindi wa mji ule, ukikaa kibuyuni, haukuonekana tena kuwa na risasi ya kutaja. Ni kweli, na nilirudia vipimo kuliko nilivyotakiwa. Ripoti haisemi kuhusu yale aliyokwisha kula. Hayo hatukuweza kuyaazima. Tulimpeleka Marwa hospitali Mugumu, wakachukua damu, na daktari akasema chanzo kimeondoka, alishwe vizuri, arudishwe kupimwa, tusubiri. Kusubiri ndiko nisikokuweza. Kila nilipopita njia ya Natta niliingia kumsikiliza. Alionyesha kwa kidole, akaguna. Damu ilikuwa inashuka, karatasi ilisema hivyo, na mimi nilikaa jikoni kwa Bibi nikimtajia mtoto majina ya vitu: kibuyu, moto, ndama. Alinitazama kwa huruma. Nilijifunza majina hayo kwa Kikurya, nikidhani labda tatizo ni lugha. Bibi alisema ninamchosha mtoto na ninamchosha ndama.

Nawaambia haya ili mjue kwamba namba mtakayoipata ikiwa imeshuka haitawapa usingizi, na msiilaumu. Namba imemaliza kazi yake. Kinachobaki ni kurudi, na mradi hauna fungu la kurudi. Mtajipitisha mkienda kwingine, kama nilivyofanya.

Wiki ya mwisho nilikwenda kuaga. Ilikuwa baada ya mvua, vilima vya mbali vilikuwa vimeoshwa, na nyumbu walikuwa wamepita karibu kiasi kwamba hewa bado ilikuwa na harufu yao. Chacha alikuwepo, chini ya upenu, anatazama njia. Bibi alikuwa mlangoni mwa jiko, mgongo nje. Nikatafuta dumu langu nikae katikati, kwa mazoea. Bibi akanipungia mkono, nikae pembeni.

Katikati alikuwa amesimama Marwa.

"Mwulize baba yako," Bibi alimwambia kwa Kikurya, maneno ambayo sasa niliyaelewa, "kama sufuria yangu bado ina kazi."

Mtoto alifikiri. Kisha akamgeukia baba yake.

"Bibi anataka sufuria," alisema.

Chacha alifunika mdomo. Alipoweza kusema alisema, "Mwambie bibi bado ina kazi."

Marwa akageuka, akatembea hatua zake fupi mpaka mlangoni, akaupitisha ujumbe wote kwa neno moja. "Bado."